Makhan Singh Hahitaji Sanamu: Barua ya Wazi kwa Wanaosimamia Kazi na Kumbukumbu

Kwa Waziri wa Kazi, Msajili wa Vyama vya Wafanyakazi, Baraza la Mashujaa wa Kitaifa, viongozi wa COTU, shirikisho kuu la vyama vya wafanyakazi nchini, na Serikali ya Kaunti ya Jiji la Nairobi.

Waheshimiwa,

Kila Oktoba 20 tunakaa juani kuwasikiliza mkiwataja mashujaa. Tarehe hiyo tunaijua ilikotoka. Siku hiyo mwaka 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari, na usiku wake Jomo Kenyatta na wenzake wakaanza kuzolewa majumbani. Sina ugomvi na tarehe yenyewe. Taabu yake ni kwamba inampita mtu aliyekuwa ameshakamatwa kitambo kabla yake. Usiku ule polisi hawakuwa na haja ya kumtafuta Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi. Alikuwa kizuizini Lokitaung, kule Turkana, mwaka wake wa tatu umeshaanza. Alipokuja kuachiliwa ilikuwa Oktoba 22, 1961, miaka kumi na moja na miezi mitano tangu atiwe mbaroni. Katika wapigania uhuru wa Kenya ni wachache sana waliozuiliwa muda mrefu kama huo mfululizo.

Wengi wetu tulilipata jina lake shuleni, kwenye mada ya vyama vya wafanyakazi, mstari mmoja au miwili, swali la alama mbili. Ukishajibu, umemalizana naye. Ninaandika kwa sababu naona tumekubali amalizwe hivyo hivyo hata nje ya darasa, na ninaandika nikiwa mwanachama wa kawaida wa chama cha wafanyakazi, yule ambaye ada yake hukatwa kwenye mshahara kabla hajauona. Wadhifa sina. Kwenye barua hii mtaona naomba mambo kadhaa, ila ombi ni moja tu, na linaelekezwa zaidi kwa ofisi ya Msajili. Nitalifikia.

Alizaliwa Desemba 27, 1913 katika kijiji cha Gharjakh, wilaya ya Gujranwala, Punjab, sehemu ambayo leo iko Pakistan. Baba yake, Sudh Singh, alikuwa seremala, akaja Kenya kufanya kazi ya reli, baadaye akafungua kiwanda cha uchapishaji Nairobi. Mwana alifika mwaka 1927 akiwa na miaka kumi na mitatu, akasoma, kisha akaingia kwenye matbaa ya baba. Hapo pa matbaa nataka tukae kidogo, maana watu wakisimulia habari zake hukimbilia magereza, na kumbe kazi yake nzima inaeleweka ukimwona kwanza kama mchapishaji. Mtu aliyekulia kwenye wino anajua kwamba neno lisilofika mkononi mwa mtu ni kelele tu. Alipokuwa kiongozi wa wafanyakazi, mikutano ilitangulizwa na vikaratasi, na vikaratasi hivyo vilichapwa kwa lugha zaidi ya moja: Kipunjabi, Kigujarati, Kiurdu, Kiingereza, na Kiswahili. Mwaka 1936! Wakati ambapo Nairobi ilikuwa imegawanywa kwa rangi kuanzia shule hadi hospitali, hadi mtaa unaoruhusiwa kulala, mtu anakaa usiku kupanga herufi ili fundi mwashi wa Kihindi na msaidizi wake Mwafrika wasome tangazo lile lile, siku ile ile.

Mwaka 1934 palikuwa na chama kilichoitwa cha wafanyakazi Wahindi. Makhan Singh akachaguliwa katibu Machi 1935, na mwezi uliofuata jina likabadilishwa: chama cha wafanyakazi wa Kenya, mlango wazi kwa mtu wa rangi yoyote, dini yoyote, tabaka lolote. Leo jambo hilo linasomeka kirahisi. Wakati ule mshahara wenyewe ulikuwa na rangi. Mzungu, Mhindi na Mwafrika waliweza kushika kazi moja na kulipwa viwango vitatu, na Mwafrika juu ya hayo alivaa shingoni kipande, kile kitambulisho cha lazima, ambacho Mhindi hakuvaa. Mwajiri alifaidika na mpangilio huo kwa njia iliyo wazi kabisa: Mhindi akidai nyongeza anaambiwa Mwafrika yupo na ni rahisi zaidi, Mwafrika akidai anaambiwa ufundi anao Mhindi. Kadi moja ya uanachama kwa wote wawili ilikuwa dawa ya ujanja huo. Haikutoka kwenye huruma. Ilikuwa hesabu, na ilikuwa sahihi.

Serikali yetu ilitangaza mwaka 2017 kwamba Wakenya wenye asili ya Asia ni kabila la 44. Vizuri. Ila sikusikia mtu akisema siku ile kwamba suala hilo lilikuwa limeshajibiwa miaka themanini na miwili kabla yake, na seremala na waashi.

Na walipata matunda. Mwaka 1936 chama kilipigania siku ya kazi ya saa nane na waajiri wengi wakasalimu amri. Aprili 1, 1937 wakagoma kudai nyongeza ya asilimia 25. Mgomo ukaenda takriban miezi miwili. Fikirini miezi miwili bila mshahara, bila mfuko wa akiba, watoto nyumbani. Walirudi kazini na nyongeza ya kati ya asilimia 15 na 22. Mwaka huo huo jina likapanuliwa kuwa chama cha wafanyakazi wa Afrika Mashariki, na mwaka 1939 Jesse Kariuki akawa miongoni mwa viongozi wake.

Mwishoni mwa 1939 alisafiri kwenda India, na kule Waingereza wakamweka kizuizini, wakamfungulia, wakamfungia kijijini kwao. Alirejea Kenya Agosti 1947. Serikali ilijaribu kumfukuza nchini, ikashindwa mahakamani. Mwezi huo huo aliorejea, Chege Kibachia, aliyewaongoza wafanyakazi wa Mombasa baada ya mgomo mkubwa wa Januari 1947, alikamatwa na kupelekwa kuzuiliwa Kabarnet kwa miaka kumi. Kwa hiyo Makhan Singh hakurudi akidhani hali imelegea. Alijua bei.

Mei Mosi 1949 likaundwa shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa Afrika Mashariki, Fred Kubai akiwa rais na Makhan Singh katibu mkuu. Hapa, Bwana Msajili, ndipo naomba usome polepole. Shirikisho liliomba kusajiliwa. Serikali ikakataa. Machi 30, 1950 Nairobi ilipopewa hadhi ya jiji kwa sherehe na mgeni wa kifalme, shirikisho likawaambia wafanyakazi wasusie, kwa kuwa jiji hilo halikuwa na kura kwao. Mei 15, 1950 Kubai na Makhan Singh wakakamatwa. Na shtaka lenyewe? Kuwa viongozi wa chama kisichosajiliwa! Mlango umefungwa kwa kufuli, kisha aliyebaki nje anashtakiwa kwa kulala nje.

Katikati ya Machi na Mei kuna siku moja inayostahili kurasa nyingi kuliko ilizopewa. Jumapili ya Aprili 23, 1950, Ukumbi wa Kaloleni, mkutano wa pamoja wa vyama viwili vya siasa, Kenya African Union cha Waafrika na East African Indian National Congress cha Wahindi. Maazimio yalikuwa yameandaliwa kwa lugha ya wakati ule, lugha ya kuomba kwa adabu, hatua kwa hatua. Makhan Singh akasimama kupendekeza nyongeza: Serikali ya Uingereza itangaze uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki, na ufanyike sasa. Si baada ya kipindi cha kufunzwa kujitawala. Mara nyingi inasemwa kuwa hiyo ndiyo mara ya kwanza dai la uhuru kamili kutamkwa waziwazi mbele ya mkutano wa hadhara Kenya, na sijaona wa kulipinga hilo. Hata kama palikuwa na mwingine aliyenong'ona kabla yake, huyu alilitamka jukwaani, mbele ya makachero, na wiki tatu baadaye alikuwa rumande.

Kukamatwa kwao kulizaa mgomo wa jumla ulioanza Mei 16 na kwenda kwa zaidi ya wiki moja. Serikali ilitoa polisi, magari ya deraya na gesi ya kutoa machozi. Madai ya waliogoma yasomeni leo mkiwa ofisini: viongozi waachiliwe, Kibachia akiwemo, kima cha chini kiwe shilingi 100 kwa mwezi, sheria ndogo zinazowabana madereva wa teksi zifutwe, watu wasikamatwe usiku majumbani mwao. Ukimwonyesha kijana wa Eastlands orodha hiyo bila kumtajia mwaka, sidhani atakisia 1950.

Kesi ya kumzuilia ilisikilizwa Nyeri mbele ya Jaji Ransley Thacker, yule yule aliyekuja baadaye kuwahukumu Kenyatta na wenzake kule Kapenguria. Makhan Singh hakujificha. Alisema yeye ni mkomunisti, na kwamba Waingereza hawana haki ya kuitawala nchi hii. Najua neno ukomunisti bado huwafanya baadhi yenu wajikohoze. Mimi mwenyewe si mfuasi wa itikadi hiyo, na naamini mengi aliyoyatumaini kutoka Moscow hayakutokea hata Moscow kwenyewe. Ila huwezi kumpokea mtu nusu. Aliyedai saa nane za kazi ndiye huyo huyo mkomunisti, na aliyedai uhuru sasa hivi pia ni yeye. Nadhani hiyo ndiyo sababu mojawapo ya ukimya wetu: baada ya 1963 tulihitaji mashujaa wasiouliza maswali kuhusu mali, naye angeyauliza.

Kutoka Lokitaung alihamishwa Maralal na Dol Dol. Hakuwa ameua wala kuiba. Hakuwa na kifungo chenye tarehe ya mwisho. Alikuwa na amri ya Gavana. Aliporudi Nairobi mwaka 1961 watu walimbeba kwa shangwe, akajiunga na KANU, kisha milango ikawa inafungwa kwa adabu. Uwaziri hakupewa, ubunge hakupata. COTU ilipoundwa mwaka 1965, kwa amri ya Rais, ilikuwa kwa mpangilio ambao Rais humteua Katibu Mkuu kutoka majina matatu anayopelekewa. Mtu aliyefungwa kwa kutaka vyama visivyoshikwa mkono na serikali angekaa wapi hapo? Mwaka uliofuata sheria ya kuwazuilia watu bila kesi ilirudishwa Bungeni na kupewa nguvu mpya, na miongoni mwa waliozuiliwa mapema walikuwemo viongozi wa wafanyakazi. Yeye akakaa akaandika. Mwaka 1969 kikatoka kitabu chake cha historia ya vyama vya wafanyakazi Kenya hadi 1952. Tuseme ukweli, si kitabu cha kukufanya usahau usingizi. Ni maazimio, tarehe, majina, barua kwa serikali na majibu yake. Lakini ni katibu anayekabidhi faili kabla ya kuondoka. Alifariki Nairobi Mei 18, 1973, hajafika miaka sitini.

Sasa nije kwenu.

Katiba ya 2010, Ibara ya 41, inampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki, ya kuunda chama, kujiunga nacho, na kugoma. Ibara ya 49 inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Mtu akiniambia kwamba Makhan Singh ameshatuzwa tayari, kwa kuandikwa ndani ya Katiba bila jina, nitamkubalia kwa sehemu. Sehemu iliyobaki iko kwenye kaunta ya Msajili.

Mei Mosi 2023, tarehe ile ile ya 1949, wafanyakazi zaidi ya 150 wanaochuja maudhui ya mitandao ya kijamii walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama. Ni vijana waliotoka nchi mbalimbali za Afrika, wenye lugha tofauti, walioajiriwa kupitia wakala ili kampuni kubwa iseme haiwajui. Kutwa nzima hutazama picha za watu wakichinjwa ili mimi na wewe tusizione. Kesi zao zimefika Mahakama ya Rufani, ambayo mwaka 2024 iliamua kwamba kampuni ya kigeni inaweza kushtakiwa hapa nchini. Nyuma yao kuna waendesha bodaboda wanaotumwa na programu ya simu, ambao wanaambiwa ni wafanyabiashara huru hadi siku wanapozimiwa akaunti, na vibarua wa ujenzi, na wasichana wa kazi za nyumbani. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inakitaka chama kiwe na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaoweza kujiunga ndipo mwajiri akitambue. Kwa kiwanda chenye geti moja hesabu hiyo inafanyika kwa siku moja. Kwa watu waliotawanyika kwenye simu, wanaobadilishwa mkataba kila baada ya miezi michache, unahesabu nusu ya nini?

Ombi langu, Bwana Msajili, ni hili. Kila maombi ya kusajili chama yawekwe hadharani: yamepokelewa lini, yako mezani kwa nani, yameamuliwa vipi, na kama yamekataliwa, kwa sababu gani iliyoandikwa kwa Kiswahili ambacho mwombaji anakielewa. Ubao mmoja ukutani na ukurasa mmoja kwenye tovuti ya wizara vinatosha. Mkoloni hakuhitaji kuwapiga marufuku wafanyakazi. Alihitaji tu kuchelewa, kunyamaza, kudai fomu nyingine, kisha kuwaita wahalifu. Ofisi inayofanya kazi mchana kweupe haiwezi kutumika hivyo tena, hata ikiangukia mikononi mwa mtu mbaya. Na Waziri, hiyo nusu ya wanachama ipelekeni Bungeni ifikiriwe upya kwa kazi zisizo na geti.

Mengine ni madogo nayataja kwa haraka. Baraza la Mashujaa, msianze na sanamu. Nyaraka zake ziko Chuo Kikuu cha Nairobi. Zitafutieni fedha zipigwe picha na kuwekwa mtandaoni, na kitabu chake kitafsiriwe, maana aliyesambaza vikaratasi vya Kiswahili mwaka 1936 hastahili kusomwa kwa Kiingereza peke yake mwaka huu. Kaunti, mipango ya kuijenga upya mitaa mikongwe ya Eastlands tumeisikia kwa miaka, na sipingi watu kupata nyumba nzuri. Ukumbi wa Kaloleni usiguswe. Uwekwe kwenye orodha ya majengo yanayolindwa, na Aprili 23 ufunguliwe bure kwa kikundi chochote cha wafanyakazi kinachotaka kukutana, kilichosajiliwa na kisichosajiliwa.

Na nyinyi wa COTU, ambao ada yangu inawafikia, Mei Mosi huwa tunawangojea mkiwa jukwaani na Rais, sote macho kwake kusubiri asilimia. Mwaka 2024 ilikuwa sita. Tunashukuru kwa kinachokuja, lakini mgomo wa 1937 haukungojea kutangaziwa. Kwenye jukwaa hilo wekeni viti kadhaa kwa wale wa 2023 na kwa wenye bodaboda za programu, na kabla ya Rais kuhutubia mpeni mmoja wao dakika kumi za kipaza sauti, asome maombi yao ya usajili yamefikia wapi.

Wenu,
Mwanachama mlipa ada, Nairobi